Nani Kamwambia Nani? Silabi Ndogo Zinazoibeba Hadithi ya Kiswahili

Mwaka jana nililetewa mswada wa hadithi fupi niuhariri. Hadithi nzuri. Ina mji, ina joto, ina watu unaowasikia wakipumua. Nikasoma bila kushika kalamu mpaka ukurasa wa sita, nikakwama hapa:

"Jamali alimfuata Rajabu hadi nyuma ya banda, akamsukuma, akaanguka, akaokota kisu."

Nikairudia. Nani alianguka? Nani aliokota kisu? Kama ni Jamali, basi huyu ni mvamizi. Kama ni Rajabu, anajitetea. Ukurasa wa kumi na nne mmoja wao yumo rumande, nami msomaji sijui nimhurumie au nimlaani.

Mwandishi hakuvunja kanuni yoyote ya sarufi. Ngeli zimekaa, tahajia imekaa, maneno yote ni mepesi, hata mtoto wa darasa la tano anayaelewa. Ndiyo maana sentensi hii inanifaa kuanzia. Tukizungumzia uandishi ulio wazi, wengi hukimbilia msamiati: tumia maneno mepesi, punguza methali, fupisha sentensi. Ushauri huo si mbaya, na kwa wale tuliolelewa na insha za "jua lilikuwa likichomoza nao ndege wakiimba nyimbo tamu" ni dawa tunayoihitaji. Lakini msomaji wa hadithi ya Kiswahili ni nadra kupotelea kwenye neno gumu. Neno gumu analiruka, akaendelea. Anapopotea hasa ni ndani ya kitenzi, kwenye silabi moja iliyojificha katikati: li, ka, ki, na, me. Na anapotea pia kwenye ile a ya mwanzo, ambayo haimwambii kama anayetenda ni mume au mke, mzee au mtoto, Jamali au Rajabu.

Ka haina saa yake

Watoto wengi wa pwani huijua ka kabla hawajaijua shule. Msimulizi anasema "Paukwa!", wao wanaitikia "Pakawa!", na tayari imo: pa-ka-wa. Kisha wanaendelea na "kajenga nyumba kakaa", na ka zinamiminika mpaka usingizi uwachukue.

Sarufi huiita ka ya mfululizo, na jina hilo linatosha. Kazi yake ni kulifunga tukio kwenye tukio lililotangulia. Wakati wake yenyewe haina. Huuazima kwa jirani. "Alifungua mlango, akatoka, akaufunga, akaondoka." Li ya kwanza ndiyo kigingi, ka zote zimefungwa hapo kama mbuzi kwenye kamba. Kwa hiyo ukianza tukio jipya, mahali papya au siku nyingine, chomeka kigingi kipya: "Asubuhi yake alirudi." Kamba ikiwa ndefu mno, kurasa mbili nzima za ka bila li, msomaji anaanza kujiuliza kama bado tuko siku ile ile.

Hatari ya ka ni kwamba inatoa ahadi. Inamwambia msomaji: jambo hili lilifuata baada ya lile. Linganisha:

"Akatoka nje. Mvua ikanyesha."

"Akatoka nje. Mvua ilikuwa ikinyesha."

Katika ya kwanza, mvua ilimsubiri atoke ndipo ianze. Katika ya pili, ilikuwepo tangu mapema, na yeye ndiye aliyeikuta. Ya kwanza inafaa kama unaandika kuhusu mtu mwenye mkosi. Ya pili ni hali ya hewa tu. Nimeona miswada mingi ambamo mwandishi alikusudia hali ya hewa akaandika mkosi.

Ka, basi, ndiyo miguu ya hadithi, nayo "alikuwa" na wenzake ni nchi inayokanyagwa. Nina zoezi moja ninalompa kila mwandishi anayenisikiliza: chukua kurasa mbili za hadithi yako, pigia mstari vitenzi vyenye ka peke yake, kisha visome kwa sauti mfululizo. Unatakiwa usikie mifupa ya tukio, hatua kwa hatua. Ukisikia "akaingia, akaketi, akawa mrefu, akaagiza chai", umemkamata mwizi. Niliwahi kukutana na mhusika huyo. Alirefuka mezani, kabla chai haijafika.

Swali linalofuata ni kuhusu kukanusha, kwa sababu ka haina kikanushi chake. Leo wengi huandika "Akamtafuta, hakumwona." Ni sahihi, na hakuna wa kukulaumu. Lakini ipo njia ya wazee: "Akamtafuta asimwone." "Akangoja asije mtu." Hapo kukosekana kwa jambo nako kunakuwa hatua katika mfululizo, na sentensi haisimami ghafla. Mimi naipenda sana njia hii. Ninachokikataa ni kuitumia mara moja katika kurasa mia, kama kofia ya harusini. Iwe lugha ya msimulizi wako tangu mwanzo, au iache.

Halafu kuna vitenzi vifupi: akala, akanywa, akaja, akafa. Li hutaka ku (alikula, alikuja), ka huikataa. "Akakula" utaisikia Nairobi kila siku, na kinywani mwa mhusika wa Nairobi inakaa vizuri kabisa. Msimulizi anayeandika Kiswahili sanifu aseme akala.

Na kuna mtego mmoja wa Bara ambao wahariri wa Dar es Salaam wanaujua. Mtaani, "Juma kaondoka" maana yake ni Juma ameondoka, hayupo sasa hivi. Katika tenzi, "kaondoka" ni "akaondoka" iliyodondosha a ili mizani itimie. Mwandishi kijana, ambaye masikio yake yamejaa vyote viwili, anaandika ndani ya usimulizi: "Mama kaingia, kaniangalia, kanyamaza." Je, ni picha ya mama aliyeshaingia na sasa amenyamaza, au ni hatua tatu zilizofuatana? Kwenye mazungumzo ya wahusika acha ka hiyo itambe. Kwenye usimulizi, andika a yake.

Baba alilala

Sasa me, ambayo naona ndiyo inayoumizwa kuliko zote.

"Alipoingia chumbani, baba alilala."

Msomaji makini atacheka: binti kaingia, baba kamwona, baba kajitupa kitandani. Alichotaka mwandishi ni "baba alikuwa amelala". Kiswahili kina kundi zima la vitenzi ambavyo tendo lake huacha hali nyuma yake: lala, kaa, simama, vaa, shika, beba, choka, kasirika, nyamaza. Kwa li unapata tendo lenyewe, kwa me unapata hali iliyobaki. "Alivaa koti" ni mikono inayoingia kwenye koti. "Alikuwa amevaa koti" ni mtu unayemwona tayari nalo. Ukimtambulisha mhusika kwa "alivaa miwani, alishika fimbo, alisimama mlangoni", umemfanyisha mazoezi ya viungo ilhali ulitaka kumchora.

Tena Kiswahili ni karimu, hakikulazimishi hata hiyo "alikuwa". Baada ya kukuta, kuona, kuacha, hali inajisimamia: "Alimkuta baba amelala." "Alimwacha mtoto analia." "Akasimama pale, hasira zimempanda, mikono ameificha nyuma." Vitenzi hivyo vina "me" na "na", ila havijahama kutoka wakati uliopita. Wakati wake ni ule wa kitenzi kilichovibeba.

Hapa ndipo pazito, naomba tukae kidogo. Watu wakisikia neno uthabiti wanadhani maana yake ni li kwenye kila kitenzi, kwamba hadithi ikianza na wakati uliopita basi isionekane "na" hata moja. Wengine wametoka na adabu hiyo kwenye masomo ya Kiingereza, ambako mwalimu alikuwa akizungushia duara jekundu kila kitenzi kisichofuata cha kwanza. Matokeo yake ni sentensi kama hii: "Mama alisema kuwa alikuwa anaumwa." Msomaji wa Kiswahili anaelewa kwamba mama, wakati anasema, alikuwa ameshapona. Kama maumivu yalikuwepo alipokuwa akisema, ni "Mama alisema anaumwa", basi. Kama aliumwa wiki iliyopita, ni "alisema aliumwa". Maneno yaliyoripotiwa huhesabu saa yake kuanzia pale yaliposemwa. Vivyo hivyo mawazo: "Alijua hatarudi." "Alishangaa wamemaliza mapema." Kuyapaka yote li ni kuiharibu saa ambayo ilikuwa inakwenda vizuri.

"Na" ni kosa lini, basi? Pale inapoparamia mstari mkuu wa matukio bila kubebwa na kitu: "Alifika dukani. Anamkuta fundi." Kigingi kiko jana, mguu uko leo. Hadithi nzima kwa "na" ni jambo jingine, na inawezekana. Watangazaji wa mpira wanaifanya kila wikiendi: anapokea, anamgeukia beki, anaachia shuti, inatoka nje. Ina joto lake. Lakini ukiichagua ujue umeipunguzia ka kazi, na matukio yako yatasimama bega kwa bega bila wa mbele wala wa nyuma, mpaka uanze kuyapanga kwa "kisha" na "halafu". Kwa hadithi ya kurasa nne, sawa. Kwa riwaya, ningefikiri mara mbili.

Hu nayo ina mzaha wake. "Babu huamka alfajiri" inamaanisha babu yupo na tabia yake ipo. Mswada mmoja ulimzika babu ukurasa wa kwanza, kilio, matanga na kila kitu, kisha ukurasa wa tatu "babu huamka alfajiri akaenda shambani". Hu ilimfufua. "Alikuwa akiamka alfajiri" ingemwacha apumzike.

Mmoja anasukuma, mwingine anaanguka

Turudi kwa Jamali na Rajabu. Kwa nini sentensi ile inakatika mikononi?

Katika mfululizo wa ka, msomaji hudhani mtendaji ni yule yule mpaka aambiwe vinginevyo. Hiyo ni sheria isiyoandikwa, na inafanya kazi vizuri: "Jamali aliamka, akanawa, akatoka." Hakuna anayeuliza nani alinawa. Kwa sheria hiyo, "akamsukuma, akaanguka" maana yake ni kwamba Jamali alisukuma na Jamali huyo huyo akaanguka. Lakini akili ya kawaida inasema anayesukumwa ndiye anayeanguka. Sheria inavuta huku, akili inavuta kule, na msomaji anachanika katikati. Kisha inakuja "akaokota kisu", na hapo hakuna hata akili ya kawaida ya kutusaidia, maana kisu kinaokotwa na yeyote aliye karibu nacho.

Lugha zinazotenganisha mume na mke kwa kiwakilishi hujiokoa pale wahusika wanapokuwa mwanamume na mwanamke. Sisi hatuna hiyo, na sioni kama ni upungufu, kwa sababu tuna zana nyingine nyingi. Rahisi kuliko zote ni naye: "akamsukuma, naye akaanguka." Silabi mbili tu, na msomaji anajua mtendaji amebadilika. Ya pili ni jina: "akamsukuma. Rajabu akaanguka." Ya tatu ni kauli za kitenzi, na hapa Kiswahili ni tajiri kupita kiasi. "Akamsukuma, akamwangusha" inaliacha jicho letu kwa Jamali. Tunauona ukatili wake. "Rajabu akasukumwa, akaanguka" inatuhamishia kwa Rajabu, tunaiona ardhi ikimjia. Tukio ni lile lile, ila tumesimama mahali tofauti. Mwandishi anayejua kuchagua kati ya sukuma na sukumwa hana haja ya kutuambia "kwa upande wa Rajabu".

Kuna sentensi nyingine ya aina hii ambayo inapita mbele ya macho ya watu bila kuonekana: "mtu aliyempiga Juma". Juma kapiga au kapigwa? Zote mbili zinawezekana, kwa sababu baada ya kirejeshi, ile ye ya "aliyempiga", mtenda anaruhusiwa kukaa nyuma ya kitenzi. Wengi tumefundishwa kwamba "ambaye" ni nzito na kirejeshi cha ndani ndicho kitamu, na kwa kawaida ni kweli. Lakini hapa "ambaye" ndiye hakimu: "mtu ambaye Juma alimpiga" au "mtu ambaye alimpiga Juma". Hadithi za upelelezi zingekuwa na wafungwa wachache wasio na hatia kama waandishi wangelikumbuka hili.

Kuhusu majina, nina ugomvi wa siku nyingi na kurasa za michezo. Mwandishi wa michezo anaogopa kulirudia jina kama anaogopa deni: mshambuliaji huyo, nyota huyo, raia huyo wa Ghana, kinara huyo wa mabao mwenye umri wa miaka 24. Gazetini tunavumilia kwa sababu mtu ni mmoja na picha yake ipo. Katika hadithi, "Bi Salma" wa mstari wa kwanza akigeuka "mwanamama huyo", kisha "mteja huyo", kisha "mama Asha", nimeshahesabu wanawake wanne dukani. Kulirudia jina hakuchoshi. Macho yanalipita kama yanavyoipita nukta. Kinachofaa kubadilika ni huyo na yule: "huyo" kwa aliyetajwa sasa hivi, "yule mzee" kwa tuliyekutana naye zamani na sasa anarudi. Ukiandika "yule mzee" mara ya kwanza kabisa anapotokea, msomaji atarudi nyuma kurasa tatu kumtafuta.

Kiambishi cha mtendwa kinafanya kazi kama hiyo kwa vitu. "Akanunua kanga": kanga yoyote, mpya kwetu. "Akainunua kanga": ile tunayoijua, aliyoitamani tangu Jumatatu. Waandishi wengine huweka i na ki kila mahali kwa kudhani zinaongeza usanifu. Zinachoongeza ni maswali.

Na nasaba! Wifi, shemeji, mkwe, mama mdogo, shangazi: neno moja linatupa jinsia, ukoo na mara nyingine ugomvi. "Wifi yake akaingia" imeshatuambia kwamba aliyeingia ni mwanamke, na kwamba aliyekuwa ndani ni mwanamke pia. Salamu nazo ni sehemu ya usimulizi. Kijana akiingia kwa mjomba wake bila shikamoo, msomaji anajua pana jambo. Mwandishi akiisahau tu, msomaji bado anajua pana jambo, na atalisubiri mpaka mwisho.

Duka la Zuberi

Tuone mfano mmoja mzima, niliouunda kwa makosa ninayokutana nayo kila wiki.

"Bi Salma alifika dukani. Anamkuta Zuberi akashona. Alivaa miwani mipya. Akamwambia kuwa alikuwa hajamaliza na akamwomba amvumilie mpaka kesho. Akanyamaza. Hapendi kugombana."

Hakuna neno gumu hata moja. Ila: anamkuta imeruka kutoka jana hadi leo. Akashona inasema alianza kushona baada ya kukutwa, labda kwa woga. Miwani haijulikani ya nani, na inavaliwa mbele yetu. Aliyemwambia mwenzake hatajwi. Tunakisia ni fundi kwa sababu tunawajua mafundi. "Alikuwa hajamaliza" inatupeleka siku nyingine kabla ya hii. "Kesho" imekaa kinywani mwa msimulizi, ambaye hana kesho. Kesho ni ya anayezungumza, msimulizi ana "kesho yake" au "siku ya pili". Na mwisho, nani hapendi kugombana?

Ningeiandika hivi:

"Bi Salma alifika dukani akamkuta Zuberi akishona. Fundi alikuwa amevaa miwani mipya, na gauni la Bi Salma lilikuwa bado linaning'inia ukutani, halina mikono. Bi Salma akasimama mlangoni, mkoba kaushika kwa mikono miwili.

'Bi mkubwa,' Zuberi akasema bila kuinua kichwa, 'nivumilie mpaka kesho.'

Bi Salma akanyamaza. Hakuwa mtu wa kugombana. Lakini kesho yake alirudi na kaka yake."

Mtaona nimeiacha "kaushika" baada ya kuhubiri kwamba usimulizi uandikwe na a yake. Inabebwa na "akasimama", haiwezi kusomeka kama hatua mpya. Mtaona pia nimeyaweka maneno ya fundi kinywani mwake. Mara nyingi mkanganyiko wa "akamwambia kuwa" huisha kwa kumwacha mtu aseme, na "akasema" inatosha; si lazima kila mtu afoke, angurume au ateme cheche. Fundi akimwita mteja Bi mkubwa leo na "wewe Salma" kesho, hilo ni tukio, tena kubwa kuliko gauni.

Saa na siku ni jambo la haraka lakini lina aibu yake. Anayetafsiri kutoka Kiingereza akisahau saa sita za tofauti, familia nzima itakula chakula cha usiku saa nane. Na "usiku wa Ijumaa"? Kwa wazee wengi wa pwani siku huanza jua linapotua, kwa hiyo usiku huo ni wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Msomaji wa Mbeya huenda akaelewa Ijumaa yenyewe. Magazeti yalishatatua hili kwa "usiku wa kuamkia", na hakuna ubaya kuwaiga.

Lipo suala la lahaja, ambalo watu huligombania kuliko linavyostahili. Mkutano uliokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika mwaka 1928, tena Mombasa kwenyewe, nyumbani kwa Kimvita. Mgeni kashindia ugenini. Tangu hapo msimulizi wa hadithi nyingi huzungumza usanifu, na wahusika wanabaki na ndimi zao. Mzee wa Mombasa aseme kitwa na ndia, kijana wa Eastlands ya Nairobi aseme mathe, mama wa Lubumbashi aseme "banasema". Hilo halimchanganyi msomaji hata kidogo, alimradi mzee wa ndia asije akasema njia ukurasa wa ishirini bila sababu. Wala sidai msimulizi lazima awe sanifu. Akitaka kusimulia kwa Kimvita toka mwanzo hadi mwisho, vyema sana. Msomaji huzoea lugha yoyote ndani ya kurasa tatu. Asichozoea ni kubadilishiwa usingizini. Hata kati ya "alikuwa akitembea" na "alikuwa anatembea", ambazo zote ni sawa, mimi huandika kwenye karatasi pembeni ni ipi mwandishi ameichagua, nikamshikilia nayo.

Jamali na Rajabu wao hawakumalizwa na karatasi ya pembeni. Nilimpigia simu mwandishi, nikamsomea ile sentensi, nikamuuliza kisu kiliokotwa na nani. Akakaa kimya. Nikasikia kurasa zikifunuliwa upande wa pili.

"Ngoja," akasema. "Hilo nilikuwa sijaliamua."